Ndama Alikosa Nini? Siku Nane na Wafugaji wa Gir

Jumatano, 11 Januari 2023. Rajkot

Treni ya usiku kutoka Mumbai imetushusha Rajkot, katika jimbo la Gujarat, India, jua halijachomoza. Baridi ya hapa ni ileile ya Dodoma mwezi wa saba: upepo mkavu unaopenya shuka hadi kwenye mifupa. Wenyeji wangu walikuwa wananisubiri stesheni, mume na mke. Katika kumbukumbu hizi nitawaita Bhai na Ben, yaani kaka na dada kwa Kigujarati, maana ndivyo kila mtu anavyowaita. Majina yao siyaandiki. Kazi yao ni nyeti, na wao ndio watakaobaki hapa mimi nikiondoka.

Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Kwa miaka mingi nilizunguka Kongwa, Kiteto na Hanang nikichanja ng'ombe mchana, na usiku nikikaa motoni na wazee wa Kimaasai na Kibarabaig nikiwasimulia habari za Yesu. Mimi ni Mwanglikana, na Kanisa la India Kaskazini la wenyeji wangu liko katika ushirika mmoja na letu. Tuliandikiana miaka mitatu. Swali langu lilikuwa moja: inakuwaje ukimpelekea Injili mfugaji ambaye kwake ng'ombe ni mama, haliwi wala hachinjwi?

Mchana tumepita kanisani. Mapresbiteri kutoka Ireland walifika mji huu mwaka 1841, miaka mitatu kabla mmisionari Krapf hajatia mguu Mombasa. Walianza wawili, Alexander Kerr na James Glasgow. Kerr alifariki mwaka huohuo wa kufika. Agano Jipya la Kigujarati nalo lilikwisha kuchapwa tangu 1820. Kwetu Mpwapwa wamisionari walifika 1876. Kwa hiyo Neno lilitangulia hapa kwa muda mrefu, na bado sensa ya 2011 ilihesabu Wakristo laki tatu na ushee tu katika jimbo lenye watu zaidi ya milioni 60. Nimelala na hesabu hiyo kichwani.

Alhamisi, 12 Januari. Junagadh

Basi, kama kilomita 100 kuelekea kusini. Mashamba ya pamba na karanga, na kila baada ya mwendo mfupi kundi la ng'ombe barabarani, magari yakilisubiri.

Kabla ya kwenda kwa wafugaji, Bhai amenikalisha chini tuongee. Viza yangu ni ya utalii, na mwenye viza hiyo haruhusiwi kuhubiri. Nilikuwa nalijua hilo, lakini alitaka kulisikia kinywani mwangu: nimekuja kusikiliza, sitafundisha. Wao wenyewe ni raia, na kifungu cha 25 cha katiba ya India kinampa raia haki ya kuishika dini yake na kuieneza. Hata hivyo jimbo la Gujarat lina sheria ya mwaka 2003, iliyokazwa 2021, inayoadhibu kumbadili mtu dini kwa nguvu, kwa hila au kwa kushawishi kwa mali. Anayetaka kuendesha ibada ya kumwingiza mtu katika dini nyingine lazima kwanza aombe kibali kwa mkuu wa wilaya. Kwa hiyo Bhai, ambaye anajua kutibu ng'ombe, ana kanuni asiyoivunja: siku anayotoa dawa hasimulii habari za dini, na siku anayosimulia hatoi dawa. Nilidhani ni woga wa sheria. Akasema, "Kaka, hata sheria isingekuwepo ningefanya hivyo. Mtu asije akadhani Yesu ni bei ya sindano."

Jioni amenipeleka chini ya mlima Girnar kuona jiwe la mfalme Ashoka. Ni mwamba mkubwa uliojengewa paa, umechorwa maandishi pande zote tangu karne ya 3 kabla ya Kristo. Amri ya kumi na mbili, Bhai alinieleza, inasema kwamba anayeisifu dini yake na kuzikashifu za wengine huiumiza zaidi ile iliyo yake. Nilisimama pale muda mrefu. Nilikumbuka maneno niliyowahi kuyasema juu ya mizimu ya wazee wa Hanang, nikiwa kijana mwenye moto, mbele ya watoto wao.

Ijumaa, 13 Januari. Pembezoni mwa Gir

Sasa tuko Talala, nchi ya maembe. Miembe imeanza kutoa maua, na viwanda vidogo vya sukari guru vinatoa moshi mtamu kila upande. Hapa wanaiita gol, na kwa Kihindi gur, na ndipo nilipoelewa jina letu lilikotoka. Msitu wa Gir uko jirani, na ndani yake simba wa Asia, ambao duniani kote hawapo porini mahali pengine isipokuwa eneo hili. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta 674.

Katikati ya simba hao wanaishi Wamaldhari. Jina hilo linakusanya koo za wafugaji: Wacharan, Warabari, Wabharwad na wengine. Mal ni mifugo, dhari ni mwenye kushika. Mal hiyo ndiyo mali yetu, neno moja la Kiarabu lililopanda majahazi mawili. Nilipomwambia Bhai kwamba hata Mgogo akisema mali huenda anamaanisha ng'ombe, alicheka kwa furaha.

Makazi yao huitwa nes. Zilizo ndani ya hifadhi zinahitaji kibali, kwa hiyo sisi tumekwenda kwa ukoo ulio nje ya mpaka. Wazazi wao walihamishwa msituni serikali ilipoanza kuwatoa wafugaji mwaka 1972. Nilipoiona nes roho ilitulia: nyumba za udongo zilizosiribwa kwa samadi, na uzio mnene wa miba kuzunguka. Boma kabisa. Ng'ombe wao wa Gir, wekundu wenye madoa, wana paji la uso lililobinuka kama kuba na masikio marefu yaliyojikunja kama jani linalonyauka. Pamoja nao walikuwepo nyati wa kufugwa, weusi, wazito, pembe zikining'inia kando ya mashavu.

Mkuu wa boma wanamwita Bapa. Amevaa shati jeupe lenye marinda kifuani, kilemba cheupe, fimbo ndefu. Alinitazama akauliza kama mimi ni Msidi. Masidi wana vijiji vyao hapahapa, Jambur na Sirwan. Ni watu wenye asili ya Afrika, wengi wao Waislamu, na ngoma yao mpaka leo wanaiita goma. Nikajibu kwamba mimi nimetoka kule walikotoka babu zao. Akanipokea kama mtu aliyepotea zamani.

Majina ya udugu yametuchekesha jioni nzima. Kwao kaka ni baba mdogo, dada ni babu, na mama, amini usiamini, ni mjomba. Vijana waliponiita Kaka nilidhani wananifanya rika lao, kumbe wananipa heshima ya baba.

Chai ya maziwa matupu ilimiminwa kwenye visahani, tukainywa kwa kuvuta. Halafu mkate wa uwele, mzito, na samli na kipande cha sukari guru. Uwele! Nafaka ya Wagogo, iliyotoka Afrika zama za kale ikavuka bahari. Nilikula mkate wa nyumbani katika nchi ya watu.

Jumamosi, 14 Januari

Leo ni Uttarayan, sikukuu ya jua kugeukia kaskazini. Mjini vishada vimejaa angani. Kwenye nes siku ni ya ng'ombe: wanawake wamechemsha nafaka na kuwalisha kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, wakigusa paji la uso la mnyama kisha la kwao. Nimewatibu ng'ombe miaka zaidi ya thelathini na sijawahi kumlisha mmoja hivyo.

Bapa alinionyesha mahali palipozikwa wanyama wake wa mwaka jana. Ugonjwa wa mapele ngozi uliingia Gujarat ukaua maelfu, na Kutch na Saurashtra ndizo zilizoumia zaidi. Ugonjwa huu nasi tunaujua, maana uliandikwa kwa mara ya kwanza Zambia mwaka 1929. Hapa walichanja kwa chanjo ya ndui ya mbuzi. Kwa Bapa ilichelewa. Ng'ombe wake wanne aliwakalia mpaka mwisho akiwapaka manjano na mwarobaini, akawachimbia kaburi na wanawe. Bhai alikuja kila siku kwa wiki tatu. Sasa naelewa kwa nini anaruhusiwa kuketi hapa.

Lakini kuna jambo lililonichoma. Bibi mmoja, shangazi yake Bapa, alimuuliza Ben bila kumung'unya maneno, "Bado mnachukua watoto?" Ben akanieleza baadaye. Mwaka 1899 hadi 1900 njaa iliyoitwa Chhappaniyo, yaani ya hamsini na sita kwa kalenda yao, ilifuta mifugo na watu. Misheni zilikusanya yatima, zikawalisha, zikawalea Kikristo. Kwetu hiyo ni huruma, nami naamini wengi waliifanya kwa huruma kweli. Kwa bibi huyu ni hadithi ya watoto waliokwenda kula wasirudi. Ben hakubishana. Alimshika mkono akasema, "Hapana, Ba. Hatuchukui watoto wa mtu."

Jumapili, 15 Januari. Talala

Ibada sebuleni kwa Bhai, watu kumi na mmoja, tukiwa tumekaa chini kwenye jamvi, viatu nje. Nyimbo ni za mtindo wa bhajan, mwimbishaji akitanguliza na wengine kuitikia, kwa ngoma ndogo na matoazi. Zaburi ya 23 imeimbwa hivyo nikashindwa kuzuia machozi.

Hakuna Mmaldhari hata mmoja ndani ya chumba. Miaka tisa wameitembelea ile nes na hawajabatiza mtu. Nilimuuliza Ben kama haimvunji moyo. Akafungua Mwanzo 33, pale Esau anapomhimiza Yakobo waende pamoja, naye Yakobo anakataa: watoto ni wachanga, wanyama wananyonyesha, wakiharakishwa siku moja tu kundi lote litakufa, kwa hiyo atakwenda polepole kwa mwendo wa wanyama walio mbele yake. "Huo ndio mwendo wetu," alisema.

Niliona haya. Mwaka mmoja niliwasilisha kanisani orodha ya watu arobaini waliookoka Kiteto, nikapigiwa makofi. Mvua zilipokatika wakahama na ng'ombe wao kutafuta malisho, na mimi sikujua hata wameelekea upande gani.

Jumatatu, 16 Januari

Simu ilikuja alfajiri: simba wamemuua mtamba wa Bapa, aliyechelewa kurudi jana. Tulimkuta kwenye kijito, umebaki mgongo, miguu ya nyuma na sikio moja. Simba walikuwa wameshaondoka. Mwana mkubwa wa Bapa alikaa karibu na mzoga na hakuondoka hadi saa nne, kwa sababu fidia ya serikali hailipwi bila afisa wa misitu kuuona mzoga na kuandika panchnama, ripoti yenye sahihi za mashahidi.

Nilitarajia hasira. Kwetu morani wangekuwa wameshashika mikuki. Bapa alisema tu, "Naye ana watoto." Watu hawa hawali nyama, na wengi huniambia simba ni jirani mwenye haki yake. Msiba wa mtamba ulikuwa dhahiri usoni pake, wala hakujaribu kuuficha.

Tukiwa tunasubiri, Bhai alimwambia kwamba Torati ina neno juu ya jambo hili: mtu aliyekabidhiwa mnyama wa mwenzake, mnyama huyo akiraruliwa na mnyama mkali, alete mabaki yawe ushahidi, naye hatalipa. Akamtajia na nabii Amosi, mchungaji anayenyakua kinywani mwa simba miguu miwili au kipande cha sikio. Bapa aliutazama ule mzoga, akamtazama Bhai. "Kitabu chenu kinajua panchnama!" Jioni, baada ya kukamua, aliagiza tubaki. "Kama kina wafugaji, tuambieni habari zao." Kwa miaka tisa, Ben aliniambia, hiyo ni mara ya kwanza kuombwa.

Ben akasimulia Luka 15. Watu kama ishirini walizunguka moto, wanawake nyuma, nguo zimefunika vichwa. Kwenye kondoo aliyepotea Bapa alimkatiza.

"Wale tisini na tisa aliwaacha na nani?"

"Kitabu kinasema aliwaacha nyikani, Bapa."

"Gir hii ukiwaacha nyikani utarudi kuhesabu mifupa." Akafikiri. "Ama alikuwa na ndugu wa kuwaangalia, ama alimpenda yule mmoja kupita kiasi."

Nimehubiri kifungu hicho labda mara hamsini, na sijawahi kuulizwa hivyo.

Kisha mwana mpotevu. Waliposikia ameomba urithi baba yake angali hai, wanaume waliguna. Aliporudi na baba akamkimbilia, yule bibi wa juzi alijifuta macho kwa ncha ya nguo. Nilijua kinachofuata, moyo ukaanza kunidunda. Nilijiuliza kama Ben ataruka, aseme tu kulikuwa na karamu. Hakuruka. Alipunguza sauti akasema kwamba katika nchi ile watu walikula nyama, na baba akaagiza ndama aliyenona achinjwe.

Kimya. Kiteto nilipofika hapo wazee walikuwa wakilamba midomo na kuuliza kidari walipewa akina nani. Hapa mama mmoja alimvuta mwanawe kifuani. Mvulana wa miaka saba au minane, ambaye kazi yake ni kulaza ndama usiku, aliinuka akaenda kwenye kibanda chao.

Bapa akauliza, taratibu, "Ndama alikosa nini?"

Nilikuwa na majibu kumi. Yote yalikuwa mahubiri mazuri, kuanzia mwana-kondoo wa Pasaka hadi Kalvari. Niliuma ulimi.

"Hakukosa kitu, Bapa," alisema Ben.

Hakuongeza neno. Njiani nilimuuliza kwa nini aliuacha mlango ulio wazi namna ile. Akasema, "Swali ni lake. Nikilijibu usiku huu litakuwa langu."

Jumanne, 17 Januari

Sikutoka. Kifua na homa, moshi wa jana labda. Ben kanipa maziwa ya moto yenye manjano.

Bhai alikaa nami akanisimulia mambo ya mjini. Mwaka jana bunge la jimbo lilipitisha muswada wa sheria ya kudhibiti ng'ombe mijini, wenye leseni na vifungo. Wamaldhari wakagoma kuuza maziwa tarehe 21 Septemba, na siku hiyohiyo bunge likauondoa. Alikuwa akinionya nisiwaonee huruma kama watu wanyonge. Ni watu wenye sauti, wenye mashairi, wenye Mungu wao wanayemjua kwa jina la mchunga ng'ombe, Gopala. Gopala huyo ndiye Krishna, naye kwao alikulia zizini. "Ukiwaambia Mungu amezaliwa penye hori ya ng'ombe," alisema, "hawashangai. Wanauliza ng'ombe walikuwa wa rangi gani."

Sikubaliani na imani yao, wala Bhai hakubaliani nayo. Mimi naamini Yesu ni njia, na ningetamani Bapa amjue. Naandika hivyo wazi kwa sababu ni kweli. Lakini nimekaa kitandani nikiwaza kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumngoja mtu siku mbili alifikirie swali lake.

Jumatano, 18 Januari

Tumekwenda kuaga asubuhi, ng'ombe wakiwa bado zizini. Bapa alitukaribisha kwa visahani vya chai, kisha bila utangulizi akamgeukia Ben.

"Nimemfikiria yule ng'ombe."

"Yupi, Bapa?"

"Mama wa ndama. Usiku ule wa karamu, watu wakicheza ngoma, yeye alilia mpaka asubuhi. Kitabu kimeandika?"

Ben alitikisa kichwa. "Hakikuandika."

"Aliyeandika hakuwa mfugaji."

"Husemwa alikuwa tabibu," Bhai akasema.

"Basi." Bapa alivuta chai yake. Akakaa. "Na yule mwana mkubwa, aliyesimama nje? Aliingia?"

"Hilo nalo hakikusema."

Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mtamba afe. Akamwambia Ben warudi baada ya Holi, sikukuu ya Wahindu, wakati malisho yamekauka na watu wana nafasi ya kukaa, aisimulie tena tangu mwanzo. "Lakini uniambie vizuri huyo ndama." Ben alisema watarudi. Bhai alikuwa akitazama chini, nami nilijua anaomba.

Bapa alinipa kamba ya kufungia ndama, ya manyoya ya mbuzi, ameisokota mwenyewe. Mimi sikuwa na kitu cha kumpa ila kitenge, nikampa bibi yule. Halafu mvulana wa ndama akataka kusikia namna Wagogo wanavyowaita ng'ombe wao. Nikasimama mlangoni pa uzio wa miba nikaita kwa mluzi na mwito alionifundisha baba yangu, kwa sauti yangu yote. Wale wekundu walitikisa masikio yao marefu, wakanitazama, wakaendelea kucheua.

Bapa aliinua fimbo, akaita mara moja, kwa sauti ndogo. Wote wakainuka wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wakinipita pembeni, nasi tukawafuata nyuma hadi barabarani.